Mungu Hahitaji Shahidi wa Uongo

Somo: Ayubu 13:1–12 na 42:7–9

Rafiki watatu walikwenda kumfariji Ayubu, na walipofungua vinywa vyao walimtetea Mungu. Walisema ni mwenye haki. Walisema haonei mtu. Walisema kila anayeteseka ana dhambi aliyoificha mahali. Waliyanena kwa ufasaha, kwa sauti ya watu wasiokuwa na shaka hata chembe. Naye Ayubu, amekaa majivuni na majipu yamemjaa mwilini, akawageukia akawauliza kama kweli wanadhani Mungu anahitaji udanganyifu wao ili ashinde kesi yake. Nendeni mwisho wa kitabu mwone hasira ya Mungu ilimwangukia nani. Ayubu, aliyelia na kuhoji na kudai majibu, haikumgusa. Iliwaangukia watetezi. Wao ndio walioamriwa kupeleka sadaka ya kuteketezwa, na yule waliyemhukumu ndiye aliyeambiwa awaombee.

Ninalisoma somo hilo kwa kutetemeka, kwa sababu nami nimekuwa mmoja wa rafiki watatu.

Ilikuwa kambi ya vijana wa sekondari, wakati wa Pasaka, miaka mingi iliyopita. Nilipewa mada ya uumbaji, nikahubiri kwa moto. Nikawaambia kwamba wanasayansi wamepima umri wa mifupa ya Bonde la Oldupai kwa kaboni, na kwamba kaboni haiwezi kupima hata miaka laki moja, kwa hiyo hayo mamilioni ya miaka ni ngano. Turubai zima likapiga makofi. Kisha binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu: “Baba Mchungaji, ni nani aliyeipima Oldupai kwa kaboni?”

Sikuwa na jibu. Neno lile nililitoa katika kijitabu, na naamini mwenye kijitabu alilitoa katika kijitabu cha mwingine. Nikamjibu kwa sauti kubwa kwa kuwa sikuwa na ukweli wa kumjibu nao. Nikamwonya ajihadhari na roho ya kiburi. Akakaa chini, akainamisha kichwa. Watu wakapiga makofi tena.

Usiku ule usingizi ulinipa kisogo. Niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta kwa bidii, nami nawapa niliyoyakuta.

Julai 1959, Mary Leakey aliona meno na fuvu vikichungulia kwenye udongo wa Oldupai: ndiye zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus. Miaka miwili baadaye ikatangazwa kwamba tabaka alimolala lina umri wa miaka milioni 1.75. Kaboni haikuhusika. Kilichopimwa ni majivu ya volkano, kwa njia ya potasiamu na agoni. Sikilizeni jinsi ilivyo. Ndani ya mawe ya volkano mna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo uliopimwa katika maabara: nusu ya potasiamu ya aina hiyo huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka. Jiwe likiwa limeyeyuka motoni, gesi hutoroka. Likipoa na kuganda, huwa kama chungu kitupu kilichofunikwa vizuri. Kila agoni inayozaliwa humo hubaki humo. Anayekuja kukifunua chungu na kupima kilichomo anaweza kujua kilifunikwa lini.

Basi nililolisema kambini kuhusu kaboni lilikuwa kweli, maana kaboni kweli haifiki mbali. Nililolisema kuhusu Oldupai lilikuwa uongo. Uongo uliochanganywa na ukweli hupita kirahisi masikioni mwa watu wema, na ndio unaotumaliza makanisani.

Ndugu zangu, amri ya Mungu inayokataza ushahidi wa uongo haina msamaha kwa wahubiri. Haikusema usiseme uongo isipokuwa unapokuwa upande wangu. Mwanasayansi ni jirani yako. Unaposimama madhabahuni ukasema amefanya jambo ambalo hakulifanya, umemshuhudia jirani yako uongo, na umefanya hivyo umevaa joho.

Shahidi ni nani, basi? Shahidi ni yule aliyekuwapo, aliyeona, aliyeshika. Nawaletea Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya, ambaye hakuketi katika ukumbi wa chuo kikuu. Alianza kazi na akina Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Akatembea juani mwaka baada ya mwaka, macho chini, hadi akawa na jicho ambalo maprofesa wa dunia walilitegemea. Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto, rangi yake karibu sawa nazo. Wewe na mimi tungekikanyaga tukaenda zetu. Yeye aliinama. Wenzake wakachimba pale kwa misimu kadhaa, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, aliinama maisha yake yote, na huo ndio utaalamu: kuinama muda mrefu mahali pamoja mpaka kitu kikusemeshe.

Sisi tunauheshimu ujuzi kila mahali. Mtoto akikaa vibaya tumboni, tunamkimbilia mkunga. Chombo kikikaribia mwamba, abiria wote hunyamaza ili nahodha asikike. Injini ikigoma, hatumwiti mshona viatu, hata awe mtakatifu kiasi gani. Likija suala la mifupa na miamba, mara kila mwenye kipaza sauti ni fundi! Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya walitaka Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yasiyape mabaki hayo ya zamadamu nafasi ya mbele. Nawauliza kwa upendo: tunaogopa nini? Mfupa ukifichwa stoo, je, umri wake unapungua? Kama Mungu ndiye aliyeumba ardhi, basi kilichomo ardhini ni chake, na anayekificha anamficha nani? Ayubu huyohuyo aliwaambia rafiki zake wawaulize wanyama, wasemezane na nchi, nayo itawafundisha. Kimeu alisemezana na nchi. Sisi tumesemezana na vijitabu.

Mtaniambia: lakini wataalamu hukosea! Ndiyo, hukosea, na ninataka mjue jinsi wanavyokosea. Mwaka 1972, upande wa mashariki wa ziwa lile, Bernard Ngeneo alipata vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa namba 1470. Maabara moja ya Uingereza ikasema majivu yaliyolala juu ya tabaka lile yana miaka milioni 2.6, na Richard Leakey akalishikilia jibu hilo kwa nguvu. Ubishi ukadumu miaka mingi. Nani waliolipindua jibu lile? Nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika haraka kadiri vizazi vilivyopita, na wenye kuyasoma meno hayo wakaona kwamba nguruwe wa tabaka lile wanafanana na nguruwe wa Bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa na umri wa karibu miaka milioni mbili. Maabara nyingine ikapima majivu upya. Mwishowe umri ukakubaliwa na wote kuwa karibu milioni 1.9.

Viko vijitabu vinavyolishangilia kosa hilo. Havisemi kwamba waliolifichua walikuwa wataalamu wenyewe, wakipingana hadharani, kila mmoja na kipimo chake mkononi. Havisemi kwamba jibu lilihama kutoka milioni 2.6 hadi milioni 1.9, na halikusogea kamwe kuelekea miaka 6,000. Hata lile fuvu bandia la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 na kuwapumbaza wakubwa kwa miaka 40, lilifichuliwa mwaka 1953 na wanasayansi waliopima mifupa na meno yake. Nyumba inayosafishwa na wenye nyumba si nyumba ya wezi. Sisi lini tuliitisha mkutano tukasema, kijitabu chetu kilikosea, kirudisheni tukichome?

Wengine watakuletea orodha. Mwaka 2001 taasisi ya Discovery ya Marekani ilianza kutangaza majina ya wenye shahada za juu wanaotilia shaka uwezo wa uteuzi wa asilia, na orodha ikapita majina 1,000. Humo wamo wahandisi na wanahisabati na wengine ambao kazi zao hazigusi viumbe. Mwaka 2003 wanasayansi wanaotetea ufundishaji wa mageuzi ya viumbe wakajibu kwa orodha ya wanasayansi wenye jina la Steve na majina ndugu zake tu, nayo imepita 1,400. Na walioianzisha walieleza wazi kwamba ukweli wa sayansi hauamuliwi kwa kuhesabu majina. Lisikieni hilo! Usiniambie ni wangapi waliotia sahihi. Niambie wameona nini, wamepima nini, na nani mwingine alipima akakuta hivyohivyo. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu; makofi ya umati haikuyahesabu kuwa ushahidi.

Suleimani aliandika kwamba wa kwanza kusema huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Twendeni basi mahali ambapo kila upande ulihojiwa.

Dover ni mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2004 bodi ya shule iliamuru wanafunzi wa biolojia wasomewe tangazo kwamba nadharia ya Darwin ya mageuzi ya viumbe si jambo lililothibitika, na waelekezwe kwenye kitabu kinachofundisha kwamba viumbe vilisanifiwa na mwenye akili. Wazazi 11 wakaenda mahakamani. Mwaka 2005 Profesa Michael Behe, bingwa wa kemia ya viumbe, akapanda kizimbani upande wa bodi. Nampa heshima yake: alikuja, akaapa, akajibu maswali. Alikuwa amefundisha kwamba sayansi haina jibu kuhusu asili ya kinga ya mwili. Wakili akamwekea mbele yake makala 58 za kitaalamu na rundo la vitabu juu ya jambo hilohilo. Akasema hayatoshi.

Upande wa wazazi alisimama Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki mwenye imani. Akaieleza mahakama ushahidi ambao kila mama wa Pwani ataufahamu. Sisi tuna kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, na sokwe wana 48. Kama tuna asili moja, ziko wapi mbili zilizopungua? Chukua kanga. Kanga ina mji katikati na pindo kingoni. Ukikuta kitambaa kirefu, na katikati yake pindo mbili zimekutana, huhitaji kumuuliza fundi cherehani: hizo ni kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Kila kromosomu nayo ina pindo zake, mfuatano maalumu wa vinasaba unaokaa mwishoni. Na kromosomu namba 2 ya mwanadamu ina pindo katikati, zimeelekeana, pale hasa ambapo kromosomu mbili za sokwe zingeungana. Alama hiyo umeibeba ndani ya damu yako uliyokuja nayo kanisani leo.

Lakini lililonivunja moyo katika kesi ile halimo katika vinasaba. Nakala 60 za kile kitabu zilitolewa shuleni kama zawadi. Wajumbe wawili wa bodi, watu waliojivunia imani yao hadharani, walipoulizwa chini ya kiapo fedha zilitoka wapi, walisema hawajui. Ikaja kudhihirika kwamba mmoja wao alisimama mbele ya kanisa lake mwenyewe akachangisha, na mwingine zilipitia mikononi mwake. Desemba 20, 2005, Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akaandika katika hukumu kwamba walisema uongo. Wapendwa, waliapa, wakadanganya, ili kumtetea Mungu wa kweli! Rafiki wa Ayubu hawajaisha duniani.

Mtu atasema: lakini ni nadharia tu. Lugha yetu ina utajiri hapa, tuutumie. Kiswahili cha wasomi kina nadharia tete na kina nadharia. Nadharia tete ni kama yai: imetagwa leo, haijulikani kama itaangua. Nadharia iliyokomaa imejaribiwa na kupigwa kila upande, ikabaki imesimama. Kwamba magonjwa huletwa na vijidudu ni nadharia. Kwamba dunia hulizunguka jua kwa mvutano ni nadharia. Mageuzi ya viumbe yamo katika daraja hilo. Anayemwita jogoo yai anacheza na maneno, na anayewafundisha watoto mchezo huo atatoa hesabu.

Wala msidhani ni ubishi wa wasomi usiofika vitandani mwetu. Klorokwini iliwaokoa watoto wetu kwa miongo. Vimelea vichache vya malaria vilivyoweza kuistahimili vilibaki, vikazaana, vikaenea, na mwaka 2001 Tanzania ilibidi iiache kama dawa ya kwanza. Huo ni uteuzi wa asilia, na makaburi madogo ya vijijini kwetu yanaujua. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa nini ugonjwa wa selimundu umedumu katika nchi zenye malaria: mtoto aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, na aliyerithi kwa wote wawili huugua. Daktari asiyejua viumbe hubadilika vipi atatoa dawa iliyokwisha nguvu. Je, tutawafundisha watoto wetu kuudharau ujuzi unaowatibu?

Sasa neno kwenu mliosoma. Msisimame pembeni mkicheka. Mmemwona bibi anayeamini siku sita za uumbaji, mkamwita mjinga, na yeye ndiye aliyeuza maandazi alfajiri ili mpate karo. Utaalamu wenu ni wa mifupa, miamba na vinasaba. Una mpaka wake. Darubini haina jicho la kumwona Mungu, wala haina jicho la kuthibitisha kwamba hayupo. Anayetoka maabara akatangaza kwamba sayansi imemfuta Muumba, naye ameshuhudia jambo ambalo hakuliona. Francis Collins aliongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya mwanadamu uliokamilika mwaka 2003, naye hupiga magoti mbele ya Kristo. Fundisheni kwa upole. Mtu hukubali kuonyeshwa na asiyemdharau.

Na kwenu mnaoshika siku sita kuwa siku sita, sikuja kuwavunjia imani. Mimi ninaamini kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi, na nimeridhika, kwa ushahidi niliouona, kwamba aliumba kwa njia ndefu kuliko nilivyofundishwa utotoni. Wewe ukisema, “Naamini hivi kwa sababu ndivyo ninavyolisoma Andiko,” umesema kweli na hakuna wa kukulaumu. Lakini usiseme, “Mifupa inasema hivi,” kama hukuiuliza mifupa. Usiseme, “Wanasayansi wamekiri,” kama hukumsikia hata mmoja akikiri. Imani inaweza kusimama bila ushahidi wa mifupa. Imani haiwezi kusimama juu ya uongo, maana mwenye imani hiyo ni Mungu wa kweli.

Nawasihi mambo matatu. Kabla hujapanda madhabahuni na habari ya miamba, mtafute aliyeishika miamba, ukamuulize. Kuuliza si ujinga. Ukigundua ulikosea, rudi palepale uliposemea, mbele ya walewale waliokusikia, ukarekebishe. Toba ya chumbani haiponyi uongo uliosemwa kwenye kipaza sauti. Na mtoto akiuliza swali, usimnyamazishe kwa jina la Mungu. Watoto wengi hawakuondoka kanisani kwa sababu ya Darwin. Waliondoka siku waliyogundua kwamba mchungaji aliwaambia uongo kuhusu jambo wanaloweza kulihakikisha, wakajiuliza: kama alidanganya juu ya mifupa, je, juu ya ufufuo?

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Nilirudi mwaka uliofuata kumtafuta yule binti. Alikuwa amehama shule, na jina lake sikuwa nimeliuliza. Nilikuwa na haraka ya kumshinda.

Sadaka waliyoagizwa rafiki wa Ayubu ilikuwa mafahali saba na kondoo dume saba. Mimi sina mafahali. Sadaka yangu ni karatasi hii. Dada, uliyenyoosha mkono chini ya turubai ukauliza ni nani aliyeipima Oldupai kwa kaboni: hakuna aliyeipima. Uliuliza vyema. Roho iliyokuwa ndani yako haikuwa ya kiburi. Kiburi kilikuwa jukwaani. Popote ulipo, ukiisoma, fanya kama Ayubu alivyowafanyia rafiki zake.

Niombee.

Amina.